Eliaichi na Bwana Mchakamchaka

Eliaichi alikuwa akijisifu kwamba katika Marangu nzima hapakuwa na mguu ulioshupaa ambao yeye alishindwa kuunyoosha. Halafu, akiona watu wanaanza kumwamini, alijipunguza mwenyewe: ukiacha mguu wa mume wake, ambao ulijinyoosha bila msaada wa mtu mpaka Njoro kwa mwanamke mwingine, na mpaka leo haujakunjika kurudi.

Kazi yake ilikuwa kuwazoeza wagonjwa. Hakuwa nesi wala mganga. Alisoma mpaka darasa la nne, akafua mashuka hospitalini miaka kumi na mmoja, na kila alipopeleka mashuka safi alichelewa makusudi mlangoni pa kile chumba walimokuwa wakiwafundisha waliopooza kutembea upya. Alipoacha kazi alirudi kwenye kihamba chake, kati ya migomba na kahawa, akaanza na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amelala miezi minne. Baada ya mwaka alikuwa akienda sokoni mwenyewe kumsengenya Eliaichi, kwa miguu ile ile aliyonyooshewa.

Kufikia mwaka wa sabini na tano alikuwa na watu kumi na wanne: wa presha, wa sukari, wa moyo, wawili waliopooza upande, msichana mmoja wa polio. Kabla ya yote alimkalisha mtu kwenye kigoda akamhoji kama hakimu: unameza nini, unalalia mito mingapi, kutoka sokoni mpaka hapa umepumzika mara ngapi. Watu walidanganya. Watu wa mlimani huona aibu kuugua, hasa wanaume; mtu atakwambia hajambo huku ameshikilia mgomba asianguke. Kwa hiyo Eliaichi alisikiliza jibu kwa sikio moja na kumtazama msemaji kwa macho mawili.

Tena mlimani kila njia ama inapanda ama inashuka, na mwenye moyo mbovu hawezi hata moja. Ila ipo njia moja isiyofanya hivyo, ile inayofuata mfereji wa maji, kwa sababu babu zao waliochimba mfereji walijua maji hayapandi. Huko ndiko alikowapeleka. Jumanne na Ijumaa asubuhi ungewaona wamejipanga ukingoni mwa mfereji, polepole, kama harusi iliyokosa bwana harusi, na Eliaichi nyuma yao akiwakataza kuzungumza siasa, maana siasa zilikuwa zinawapandisha presha.

Aliyemshinda wote kwa juhudi alikuwa shemeji yake, Meku Ebenezeri, yaani Mzee Ebenezeri, kaka wa yule mume wa Njoro. Moyo ulikuwa umemwangusha kwenye mibuni. Alianza na hatua arobaini, na baada ya miezi minane alikuwa anafika mpaka kwenye banio la maji na kurudi, anatia chumvi kwenye hadithi zake kama zamani.

Ndipo akaja Bwana Wenseslaus.

Alitoka upande wa Kilema, na ofisi ya kata ilikuwa imempa cheo cha mratibu wa mazoezi. Watu walimwita Bwana Mchakamchaka. Alikuwa na kaptula nyeupe, filimbi shingoni, na agizo la maandishi kwamba watu wazima wote wa kata wakimbie kila Jumamosi asubuhi, kutoka sokoni mpaka kanisani. Kutoka sokoni mpaka kanisani ni kupanda tu. Aliwaambia kwamba taifa halijengwi na watu wanaohema, na kwamba ugonjwa mwingi ni uvivu uliopewa jina la kizungu.

Jumamosi ya pili Eliaichi alikuwa amekwenda bondeni kumtazama yule msichana wa polio. Wenseslaus akamwona Meku Ebenezeri amesimama kando, na fimbo yake, akitazama wenzake wanavyokimbia. Akamwita mbele ya watu.

Meku akamwambia kwa adabu, "Mimi bwana nina moyo."

"Kila mtu ana moyo, mzee," Wenseslaus akasema. "Huo wako ndio tunataka kuuona."

Watu wakacheka. Meku Ebenezeri alikuwa mzee wa kanisa, aliyewahi kuwa nyapara wa wapagazi mlimani, na kuchekwa hakukuzoea. Akampa mtu fimbo. Akakimbia. Alifika kwenye kona ya pili, akaanguka.

Hakufa. Wapo waliosema ni heri angekufa, na Eliaichi aliwafukuza uani kwake kwa ufagio. Mdomo ulivutika kushoto, mkono na mguu wa kulia vikalala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, yale ya Kichagga, ya Kiswahili, hata ya Kijerumani kidogo aliyorithi kwa baba yake, likabaki moja tu. Haya. Ukimpa uji, haya. Ukimgeuza, haya. Ukimwambia mvua inanyesha, haya.

Wiki ya tatu wakaja wazee watatu na isale. Kwa Wachagga, mtu aliyekukosea akikuletea isale, lile jani refu la mpakani lililopigwa fundo, humkatalii. Awe amekuulia ng'ombe, awe amekuulia ndugu, ukishaletewa isale hasira yako imekwisha, upende usipende. Wenseslaus alilijua hilo vizuri. Hakuja mwenyewe, alituma wazee na debe la pombe ya mbege. Yuditha, mke wa Meku, akalipokea jani kwa mikono miwili huku analia, angefanyaje. Mzee mkubwa akainama kitandani akauliza kama mgonjwa amesamehe.

"Haya," akasema Meku Ebenezeri.

Wazee wakashusha pumzi. Eliaichi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya mtori. Akaiweka chini taratibu, maana alijijua, asingeiweka chini ingetua kichwani kwa mtu.

"Shemeji," akamwambia mgonjwa, "Jumatatu tukupeleke sokoni tukakuuze pamoja na mbuzi?"

"Haya."

Wazee wakatazama sakafu. Mmoja akamkemea kwamba haya si mambo ya mwanamke, na kwamba isale imeshapokelewa. Eliaichi akajibu kwamba ameona, imepokelewa na Yuditha na kitanda. Yeye hajapewa hata ncha ya jani, kwa hiyo hasira yake bado ni mali yake halali, na ataitunza.

Aliitunza kweli. Aliilisha na kuinywesha kuliko ng'ombe wake. Na kama ilikuwa inapungua, ikaletewa majani mapya: barua ya ofisi, imepigwa chapa, ikasomwa mbele ya watu. Barua ilisema mzee Ebenezeri alidhurika kwa sababu alikuwa akizoezwa kiholela kwa miezi mingi na mama mmoja asiye na cheti. Kuanzia siku ile, mtu yeyote asiye na cheti cha kuzoeza wenye maradhi akionekana anatembeza wagonjwa atafikishwa kwenye baraza. Sahihi, Wenseslaus.

Jumanne iliyofuata hakuna aliyekuja mferejini. Ijumaa vivyo hivyo. Mama mmoja wa sukari akarudi kukaa jikoni kutwa, miguu ikaanza kuwaka moto. Na Meku Ebenezeri, ambaye ndiye aliyehitaji kunyooshwa mkono kila siku kabla haujakauka, alikuwa amelala anasema haya kwenye dari. Yuditha aliogopa hata kumruhusu Eliaichi amshike vidole, balozi wa nyumba kumi asije akapita.

"Cheti," Eliaichi akasema. Alilisema neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kisha akauliza kinapatikana wapi.

Kilipatikana Moshi mjini, kwenye ghorofa moja nyuma ya maduka, juu ya zahanati. Ilikuwa kozi ya miezi mitatu, na mwalimu wake aliitwa Mama Lata, Mhindi wa familia ya wauza vitambaa, mwembamba, mkali, aliyesomea kazi hiyo Bombay na kurudi na miwani minene. Wanafunzi wengine kumi na mmoja walikuwa manesi na walimu vijana. Walimwamkia Eliaichi shikamoo wakidhani amekuja kufagia.

Mama Lata alimwuliza amesoma mpaka darasa la ngapi.

"La nne," Eliaichi akasema. "Ila la tatu na la nne nilirudia, kwa hiyo ukihesabu vizuri ni sita."

Mama Lata hakucheka. Alimwambia sheria ya kozi ni darasa la saba. Eliaichi akamwambia sheria ya mkono uliopooza ni kwamba haungoji. Akamsimulia habari yote, ya mfereji, ya kona ya pili, ya barua. Mama Lata akasema atamruhusu kukaa na kusikiliza, na mtihani ataufanya kwa mdomo na kwa mikono, lakini akishindwa atashindwa kama wengine; hapo hapana huruma.

Alipanga chumba kule kule Njoro kwa sababu kilikuwa rahisi, na kwa sababu alitumaini siku moja akutane na mume wake barabarani ili apate nafasi ya kutomsalimia.

Alikwenda na hasira, akidhani hakuna kitu Mama Lata anaweza kumfundisha. Alijifunza kuhesabu mapigo kwa saa. Alijifunza kwamba mwenye sukari asianze mazoezi na tumbo tupu. Halafu wiki ya tano Mama Lata akasema mgonjwa wa presha asibane pumzi anaponyanyua kitu kizito, kwa sababu kubana pumzi kunaipandisha presha ghafla. Eliaichi akaacha kuandika. Miaka sita alikuwa amewaambia watu wake wabane pumzi wanaponyanyua ndoo. Alidhani kunatia nguvu. Mchana ule hakula. Alikaa kwenye ngazi akiwahesabu, jina kwa jina, akijitukana kwa Kichagga. Hasira aliyoileta kwa mtu mmoja ikabidi aigawe nusu, na nusu yake mwenyewe ndiyo iliyouma zaidi. Tangu siku ile akawa anakaa mstari wa mbele.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mtu mgeni. Kila mwanafunzi aliletewa mtu asiyemfahamu. Amhoji, amtazame, halafu ama ampe mazoezi yanayomfaa, ama akatae na kutoa sababu. Mtu huyo alikuja na karatasi ya zahanati iliyofungwa, yenye hali yake ya kweli, na Mama Lata aliifungua mwishoni. Ukimzoeza asiyefaa kuzoezwa, umeshindwa. Ukimkataa mzima, umeshindwa vilevile. Hapakuwa na kurudia.

Zamu ya Eliaichi ilikuwa ya mwisho. Na asubuhi ile, nani kaingia mlangoni na faili kwapani, kama si Bwana Wenseslaus. Hakuwa na kaptula leo, alivaa suti ya Kaunda ya mikono mirefu. Ofisi ilikuwa imemtuma kupinga Eliaichi asipewe cheti. Alikaa mbele karibu asubuhi nzima akiwatazama wengine, akitoka na kurudi, na zamu ya Eliaichi ilipofika akasimama akahutubia. Alisema mama huyu ndiye aliyesababisha mzee wa watu apooze. Alisema siku ile ya mbio yeye alimwuliza kila mtu hali yake, mmoja mmoja, na mzee akakana kuwa na ugonjwa wowote. Alisema yeye binafsi ana miaka arobaini na tisa, hajawahi kulala kitandani hata kwa mafua, kwa sababu ya mazoezi, na kwamba kumpa cheti mtu wa darasa la nne ni kuwachezea wananchi.

Moyoni Eliaichi alikuwa ameshamrushia kiti mara tatu. Mikono ilikaa mapajani.

Mama Lata akamshukuru mgeni. Kisha karani akanong'ona kwamba mtu wa mtihani wa Eliaichi, aliyekuwa anatoka Kwa Sadala, hajafika. Basi limeharibika njiani. Mama Lata akavua miwani akaifuta.

"Basi wewe ndugu uwe mtu wake," akamwambia Wenseslaus. "Umesema ni mzima. Itakuchukua robo saa."

Wenseslaus akasema ana kikao. Wanafunzi kumi na mmoja wakamgeukia. Angetoka vipi, baada ya hotuba ile? Akakaa kwenye kiti cha mgonjwa, akatabasamu kwa meno ya juu.

Eliaichi akavuta kiti chake mbele yake. Walikaa magoti kwa magoti. Akamwamkia kama anavyoamkiwa mgonjwa yeyote.

"Una presha, bwana?"

"Sina."

"Sukari? Moyo?"

"Mama, nimeshasema mimi ni mzima."

"Unameza dawa yoyote?"

"Hata aspirini."

Akamshika kifundo cha mkono akahesabu kwa saa. Akamwomba avue viatu. Wenseslaus akauliza viatu vinahusu nini, lakini akavua, na soksi zilikuwa zimechora mfereji kuzunguka kila mguu. Eliaichi akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Akalisubiri lijae. Halikuwa na haraka.

"Tangu saa mbili umetoka kwenda chooni mara tano," akamwambia. "Nimekuhesabu. Wagonjwa wangu wanaomeza vidonge vya kutoa maji ndio wanaokwenda hivyo asubuhi."

"Nilikunywa chai nyingi."

Hapo Eliaichi akageuka akatazama mlangoni. Nje ya mlango ule kulikuwa na ngazi, vipandio thelathini na viwili, kutoka zahanati mpaka juu. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi tu: bwana ni mzima, amesema mwenyewe mbele ya mashahidi; na apande ashuke mara ishirini. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimwona Wenseslaus kwenye kipandio cha kumi na mbili cha mara ya nne, mdomo umevutika. Alimwona amelala anasema neno moja. Aliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko inavyompasa mtu wa kanisani, na ilikuwa tamu, na alijua ni tamu, na kujua huko kukamtia hasira mpya.

"Sitamzoeza," akasema.

Mama Lata akauliza sababu.

"Ana presha na amevimba maji. Huyu hata mferejini ningeanza naye hatua ishirini, na ningemtaka daktari amwone kwanza." Kisha akamgeukia Wenseslaus. "Na usidhani nimekuonea huruma, bwana. Nilitamani nikukimbize mpaka Kwa Sadala ukalisukume lile basi."

Wanafunzi wakaziba midomo. Wenseslaus akasimama, viatu mkononi, akasema sasa kila mtu amejionea: mama amemkataa mtu mzima kwa chuki, amevunja sheria ya mtihani, na aandikiwe kwamba ameshindwa. Kwa sheria alikuwa na haki, na Mama Lata alilijua hilo. Mtu huyu hakuwa na karatasi ya zahanati. Bila karatasi lilikuwa neno la mama wa darasa la nne dhidi ya neno la ofisa.

"Tutampima tu," Mama Lata akasema. "Kipimo chetu kimepasuka mpira. Karani, shuka zahanati uombe chao."

"Kupima nini tena?" Wenseslaus akasema. "Sijawahi kupimwa presha tangu nizaliwe. Mashine zenyewe siziamini."

Lakini alikuwa hana viatu, na mtu asiye na viatu haondoki kwa heshima. Akakaa. Wakangoja. Eliaichi hakumtazama, alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aje Moshi aliogopa. Kama amekosea, Ijumaa atarudi nyumbani bila kitu, na mkono wa shemeji yake utakauka kifuani kama tawi.

Karani akarudi na nesi wa zahanati, kwa sababu zahanati haikukubali kipimo kitoke bila mtu wake. Alikuwa dada mnene mchangamfu, jina lake Elifuraha. Aliingia amekiinamia kipimo, anafumbua mipira iliyojisokota, anauliza mgonjwa ni nani.

Mgonjwa alikuwa ameshajiweka tayari. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amekunja mkono wa kushoto wa suti mpaka juu ya kiwiko, umekaa pale pale unapotakiwa kukaa, ameulaza mkono mezani, kiganja juu, vidole vimelegea. Mama Lata akauona mkono ule. Eliaichi akauona.

Elifuraha akafunga mkanda, akainua macho.

"Kumbe ni wewe, Bwana Wenseslaus. Jumatatu nimekungoja mpaka saa tisa. Vidonge vyako vya mwezi ujao viko dirishani."

Wenseslaus akamwambia Mama Lata kwamba dada huyu amemfananisha na mtu mwingine.

"Nimekufananisha?" Elifuraha akasema, mkono wake tayari kwenye mpira. "Mwaka wa tatu huu nakupima. Haya, kama kawaida yako, usizungumze wakati napima."

Na Wenseslaus, kwa mazoea, akanyamaza.